Kulinda Kura Kituoni: Mwongozo kwa Raia Anayetaka Kujitolea Wakati wa Uchaguzi

Tarehe 1 Julai 2016, Mahakama ya Katiba ya Austria ilibatilisha duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa nchi hiyo, ambayo mshindi wake alikuwa amempita mpinzani wake kwa kura 30,863 tu. Mahakama haikupata ushahidi kwamba kura zilikuwa zimechakachuliwa. Kilichouangusha uchaguzi ule ni kwamba katika wilaya kadhaa bahasha za kura zilizotumwa kwa posta zilifunguliwa kabla ya muda uliowekwa na sheria, au zilifunguliwa na watu wasioruhusiwa, na baadhi ya wajumbe wa kamati za uchaguzi wakaeleza mahakamani kwamba walitia saini kumbukumbu za kazi ambayo hawakuishuhudia. Wananchi wakarudi vituoni mwezi Desemba mwaka huohuo.

Uchaguzi hupata uhalali wake, au huupoteza, mezani pa kituo cha kupigia kura, mikononi mwa watu wa kawaida wanaofungua, kuhesabu, kuandika na kutia saini. Mahakama, mawakili na waangalizi wa kimataifa huja baadaye, nao hutegemea kile ambacho watu wa kituoni waliandika au waliacha kuandika. Kwa hiyo raia anayetaka kuilinda demokrasia ya nchi yake hahitaji jukwaa wala cheo. Anahitaji kujua kazi moja ya uchaguzi vizuri na kuifanya hadi mwisho wake. Maelezo yafuatayo yamepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na pale ambapo maelezo haya hayalingani na kanuni za tume ya uchaguzi ya nchi yako, kanuni hizo ndizo za kufuata.

Hatua ya kwanza: Chagua nafasi moja na uijue mipaka yake

Nafasi zilizo wazi kwa raia ni nne kwa ujumla. Ya kwanza ni utumishi wa kituo, yaani kuwa karani, mwongozaji wa wapiga kura au msaidizi wa msimamizi wa kituo, kazi ambayo hufanywa chini ya mamlaka ya uchaguzi na kwa kiapo. Ya pili ni uangalizi wa raia, ambapo mtu hutumwa na asasi isiyoegemea upande wowote ili ashuhudie na kuandika, bila kugusa karatasi hata moja. Ya tatu ni uwakala wa chama au mgombea. Ya nne ni elimu ya mpiga kura na kuwasaidia watu kujiandikisha, ambayo huisha kabla ya siku yenyewe ya kupiga kura.

Watu wengi hulidharau jukumu la wakala kwa kuwa linabeba rangi ya chama, lakini kwa maoni yangu dharau hiyo haina msingi. Mawakala wa pande zote wanapokaa chumba kimoja wakitazamana, na kila mmoja ana sababu ya kumshuku mwenzake, hesabu ambayo wote wameitia saini huwa ngumu kuipinga. Kasoro hutokea mtu anapochanganya nafasi hizi. Mwangalizi aliyevaa kofia ya mgombea siku tatu zilizopita amekwisha kuharibu ripoti yake mwenyewe, hata kama kila alichoandika ni kweli, na karani anayemnong'oneza jirani yake jina la kuchagua ametenda kosa la jinai katika nchi nyingi. Kabla ya kujaza fomu yoyote, jiulize kama uliwahi kufanya kampeni hadharani, kama una ndugu anayegombea, na kama unaweza kunyamaza mchana kutwa mgombea usiyempenda anapoongoza. Jibu la maswali hayo litakuonyesha nafasi inayokufaa.

Hatua ya pili: Omba mapema

Mamlaka za uchaguzi hutangaza nafasi za watumishi miezi au wiki kadhaa kabla ya siku ya kura, kupitia ofisi za wilaya, magazeti, redio na tovuti zao. Vibali vya uangalizi huwa na tarehe yake ya mwisho, na kwa kawaida hutolewa kwa asasi wala havitolewi kwa mtu mmojammoja, kwa hiyo anayetaka kuangalia uchaguzi hujiunga kwanza na asasi iliyosajiliwa. Namna ya kuwapata watu hutofautiana sana. Uhispania na Meksiko huwachagua wasimamizi wa meza za kura kwa bahati nasibu kutoka katika orodha ya wapiga kura, hivyo kura za mtaa huhesabiwa na wakazi wa mtaa huo. Ujerumani huhitaji zaidi ya watu 600,000 wa kujitolea kila unapofanyika uchaguzi wa bunge la shirikisho, na majimbo mengi ya Marekani huwakubali hata wanafunzi wa miaka 16 au 17 ambao wao wenyewe hawajafikia umri wa kupiga kura.

Baadhi ya nchi hulipa posho kwa kazi hizi na nyingine hazilipi. Kupokea posho iliyowekwa na sheria hakumwondolei mtu hadhi ya kujitolea. Kinachokatazwa ni kupokea chochote, hata chai, kutoka kwa mgombea au mpambe wake.

Hatua ya tatu: Anza na daftari la wapiga kura

Hii ni kazi ya msimu mkavu, ambao kamera hazipo na nyimbo za kampeni bado hazijaanza, na pengine ndiyo maana haina watu wengi wanaoiomba. Hata hivyo, mtu ambaye jina lake halimo kwenye daftari hawezi kusaidiwa na mwangalizi yeyote siku ya kura. Sheria za nchi nyingi huweka kipindi cha kuonyesha daftari hadharani ili wananchi wakague majina yao, waombe marekebisho na waweke pingamizi dhidi ya majina ya watu waliofariki au waliohama. Mwenye kujitolea anaweza kuzunguka na majirani zake, akawakumbusha tarehe, akawasomea orodha wasioweza kusoma, na akawasindikiza wazee hadi ofisi ya uandikishaji. Apeleke majina ya marehemu kwa utaratibu uliowekwa, akiwa na uthibitisho, na asitangaze barazani kwamba daftari limejaa maiti. Asichukue vitambulisho vya watu wala namba zake kwa kisingizio cha kuwasaidia, kwa sababu hiyo ni njia inayotumiwa pia na wanunuzi wa kura.

Hatua ya nne: Soma kanuni mpaka uzijue kwa mikono

Mafunzo rasmi mara nyingi ni ya siku moja au mbili, na hayatoshi. Omba nakala ya mwongozo wa watumishi wa vituo, hata kama wewe ni mwangalizi, kwa kuwa huwezi kutambua kuwa kitu kimekosewa kama hujui kinavyopaswa kufanywa. Jizoeze kwa vitendo pamoja na wenzako: mmoja awe msimamizi, mwingine mpiga kura asiyeona, mwingine mtu aliyekuja kituo kisicho chake, mwingine aliyeharibu karatasi yake na anaomba nyingine. Katika zoezi kama hilo maswali magumu hujitokeza yenyewe.

Mambo mawili yanastahili muda mwingi kuliko mengine. La kwanza ni tofauti kati ya karatasi iliyoharibika na kura iliyokataliwa. Karatasi iliyoharibika ni ile ambayo mpiga kura aliikosea kabla ya kuitumbukiza, akairudisha na kupewa nyingine, haiingii sandukuni. Kura iliyokataliwa imetoka sandukuni wakati wa kuhesabu na kuonekana haionyeshi wazi mpiga kura alimchagua nani, au imekiuka sharti fulani la sheria. Vituo vingi hukosea jumla zao kwa kuchanganya makundi haya mawili, na kosa hilo la uchovu tu huja kuonekana kama wizi. La pili ni fomu ya matokeo yenyewe. Jaza nakala za mazoezi mara nyingi, kwa tarakimu na kwa maneno, mpaka mkono uzoee.

Hatua ya tano: Fika kabla ya sanduku kufungwa

Siku ya kura huwa ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Beba maji, chakula kisichoharibika, kalamu mbili, daftari lenye kurasa zilizoshonwa, tochi, chaji ya akiba na kitambulisho chako. Vaa nguo isiyo na rangi ya chama chochote.

Ufunguzi ni wakati ambao hauwezi kurudiwa. Sanduku hufunguliwa na kuonyeshwa kwamba ni tupu mbele ya wote waliopo, kisha hufungwa kwa lakiri zenye namba. Ziandike namba hizo katika daftari lako, zote, pamoja na saa. Andika pia idadi ya karatasi za kura ambazo kituo kimepokea na idadi ya majina yaliyomo kwenye daftari la kituo. Mtu aliyechelewa kwa nusu saa hawezi kushuhudia lolote kati ya haya, na kila hesabu atakayoifanya usiku itaning'inia hewani kwa kukosa namba ya kuanzia.

Hatua ya sita: Wakati wa kupiga kura, linda siri na linda foleni

Saa za katikati huwa za kuchosha, na uchovu ndio adui wa kituo. Ikiwa wewe ni mtumishi, hakikisha kila jina linawekewa alama pale tu mtu anapopewa karatasi, kwa kuwa alama hizo ndizo zitakazolinganishwa na kura usiku. Kituturi, yaani kibanda cha kupigia kura kwa siri, kiwekwe mahali ambapo mtu aliyesimama nyuma au dirishani hawezi kuona mkono wa mpiga kura. Msaidizi wa mpiga kura asiyeona au asiyeweza kuandika achaguliwe na mpiga kura mwenyewe kadiri sheria inavyoruhusu. Mtu mmoja anayejitokeza kuwasaidia wazee kumi mfululizo anastahili kuandikwa katika daftari la mwangalizi, pamoja na saa na idadi.

Mpiga kura anayeambiwa hayumo kwenye daftari asifukuzwe kwa neno moja. Pengine jina lake limeandikwa kwa mpangilio tofauti, au liko katika chumba cha pili cha shule hiyohiyo. Mwongozaji mwenye subira huokoa kura nyingi kwa kutazama orodha mara ya pili.

Saa ya kufunga inapofika, katika nchi nyingi kila aliyekwisha kuwa kwenye foleni ana haki ya kupiga kura. Mtumishi husimama nyuma ya mtu wa mwisho ili kuweka alama ya mwisho wa foleni. Ni jambo dogo kulisimulia, lakini mahali ambapo halifanywi ndipo ugomvi huanzia.

Mwangalizi naye akumbuke kwamba hana amri kituoni. Akiona kasoro humwambia msimamizi kwa adabu, huandika alichojibiwa, na hurudi mahali pake. Picha ndani ya kituo hupigwa pale tu sheria inaporuhusu, na karatasi ya kura yenye alama ya mtu haipigwi picha kamwe.

Hatua ya saba: Kaa mpaka hesabu ilingane

Hapa ndipo wengi huondoka, na hapa ndipo wanapohitajika zaidi. Ningelazimika kumpa mtu ushauri mmoja tu, ningemwambia alale mchana kutwa lakini awe kituoni usiku wa kuhesabu.

Kabla ya sanduku kufunguliwa, namba za lakiri hulinganishwa na zile zilizoandikwa asubuhi. Kisha hufanywa hesabu ya karatasi. Chukua mfano wa kituo kilichopokea karatasi 600. Jioni zimebaki 214 ambazo hazijatumika, na 4 ziliharibika zikarudishwa. Basi sandukuni zinapaswa kuwemo karatasi 382, na daftari linapaswa kuwa na alama 382 za watu waliopiga kura. Kura halali za wagombea wote zikijumlishwa na kura zilizokataliwa nazo zitoe 382. Namba hii moja imefikiwa kwa njia tatu zisizotegemeana: kwa karatasi zilizotolewa, kwa majina yaliyowekewa alama, na kwa kura zilizohesabiwa. Zikilingana, ni vigumu sana mtu kuongeza kura bila kuacha alama mahali fulani. Zikitofautiana kwa moja au mbili, pengine mtu aliondoka na karatasi yake mfukoni, na tofauti huandikwa kama ilivyo. Kura zikizidi alama za kwenye daftari kwa idadi kubwa, hiyo ni hoja nzito inayopaswa kuingia kwenye kumbukumbu za kituo kabla mtu yeyote hajatia saini.

Kishawishi kikubwa saa hizo ni kulazimisha hesabu ilingane ili watu waende nyumbani. Usikubali. Tofauti iliyoandikwa wazi ni ushahidi wa uaminifu, na tofauti iliyofichwa hugeuka kuwa kashfa. Nchini Malawi, fomu za matokeo ya uchaguzi wa rais wa Mei 2019 zilikutwa na namba zilizofutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia, na tarehe 3 Februari 2020 mahakama ikaubatilisha uchaguzi huo. Wananchi walipiga kura upya mwezi Juni. Namba ikikosewa, hukatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, iliyo sahihi huandikwa pembeni, na waliopo huweka saini mahali hapo, kama kanuni zinavyoelekeza.

Hatua ya nane: Fuata fomu, usiiache njiani

Kura zikishahesabiwa, thamani yote ya siku huhamia kwenye karatasi moja. Soma fomu kabla ya kutia saini, linganisha tarakimu na maneno, hakikisha jina na namba ya kituo ni sahihi, kisha dai nakala kama sheria inakupa haki hiyo. Sheria nyingi huagiza nakala ibandikwe mlangoni pa kituo. Kama inaruhusiwa, ipige picha ikiwa imebandikwa, yote, bila kukata pembe.

Kenya inaonyesha uzito wa karatasi hiyo. Juni 2017, Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika ngazi ya jimbo la uchaguzi ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa na makao makuu ya tume. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti, na hoja kubwa zilihusu uwasilishaji wa matokeo na dosari za fomu. Mwaka 2022 tume iliweka picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, na mwananchi yeyote mwenye subira aliweza kuzijumlisha mwenyewe.

Asasi za uangalizi hutumia fomu hizi kwa hesabu sambamba. Ufilipino, kundi la raia la NAMFREL lilijumlisha matokeo ya vituo katika uchaguzi wa tarehe 7 Februari 1986, na jumla yake ikapishana na ile ya serikali; siku mbili baadaye wataalamu wa kompyuta wa tume yenyewe walitoka kazini wakisema namba zilizotangazwa hazilingani na walizoingiza. Siku hizi asasi nyingi hutumia sampuli nasibu ya vituo badala ya vituo vyote. Ndiyo maana mwangalizi aliyepangiwa kituo cha mbali, chenye njia mbaya na wapiga kura wachache, haruhusiwi kubadilishana na mwenzake wa kituo cha karibu: sampuli ikipinda kuelekea kwenye barabara ya lami, makadirio yote hupinda nayo. Haruhusiwi pia kutangaza namba zake mwenyewe. Huzituma kwa asasi yake na kungoja.

Hatua ya tisa: Andika kasoro kwa namna itakayosimama mahakamani

Andika nani, nini, wapi, saa ngapi, na watu wangapi waliathirika. Tenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. Sentensi isemayo kwamba saa 8:40 mchana wakala mmoja alitolewa nje na askari, na akarudishwa saa 9:15, ina nguvu kuliko ukurasa mzima unaosema uchaguzi umeibwa. Andika pia yaliyokwenda vizuri, kwa kuwa ripoti isiyo na jema hata moja huaminika kidogo.

Malalamiko hupanda ngazi kwa utaratibu: msimamizi wa kituo, msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, tume, kisha mahakama. Usianze na mitandao ya kijamii. Picha isiyo na maelezo ya mahali na saa husambaa usiku mmoja, asubuhi inakutwa ni ya uchaguzi wa nchi nyingine, na kasoro ya kweli iliyotokea kituoni kwako inazikwa pamoja nayo.

Kuhusu usalama, nenda na kurudi mkiwa wawili, mpe mtu wa asasi yako ratiba yako, na ondoka pale vurugu zinapoanza au unapotishwa. Hakuna fomu inayolingana na uhai wa mtu, na kuondoka kwako, pamoja na sababu yake na saa yake, nako ni taarifa ya kuandikwa.

Hatua ya kumi: Hifadhi kumbukumbu mpaka muda wa mashauri upite

Muda wa kufungua kesi huwa mfupi. Nchini Kenya, kwa mfano, pingamizi dhidi ya matokeo ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa, na Mahakama ya Juu hutoa uamuzi ndani ya siku 14 tangu lilipofunguliwa. Mwangalizi au wakala anaweza kuombwa hati ya kiapo kesho yake asubuhi, akiwa bado hajalala vizuri. Mashauri ya wabunge na madiwani huchukua muda mrefu zaidi, na mtu huweza kuitwa kutoa ushahidi miezi kadhaa baadaye, wakati hakumbuki tena namba ya lakiri hata moja.

Weka daftari, nakala ya fomu na picha zako mahali pakavu na salama, na nakala nyingine kwa asasi iliyokutuma. Usiliandike upya daftari hilo kwa hati nzuri zaidi ukatupa la kwanza. Lenye madoa ya jasho, maneno yaliyokatwa na saa zilizoandikwa pembeni ndilo lililoandikwa kituoni, na ndilo ambalo wakili ataliomba.